Mji wa Kwenye Gemu: Jinsi ya Kuujenga Hadi Mwenzako Aweze Kuufungua

Wasomaji wanaocheza Cities: Skylines huuliza maswali yanayofanana. Mmoja mji wake umejaa watu lakini foleni imeuua. Mwingine mji wake unampendeza sana, ila kila anayetumiwa anasema haufunguki, au unafunguka ukiwa na mapengo. Wa tatu ameupakia mtandaoni, akasubiri, na hakuna aliyeugusa.

Maswali hayo yana chanzo kimoja. Mji wa kucheza peke yako na mji wa kumpa mtu mwingine ni kazi mbili. Wa kwanza ujenge utakavyo. Ukiharibika unaanza upya na hakuna wa kukuuliza. Wa pili una mgeni, na mgeni huyo ana kompyuta yake, bando lake na subira kidogo. Ukimkumbuka baada ya kumaliza kujenga, umechelewa.

Nazungumzia Cities: Skylines ya kwanza, iliyotengenezwa na Colossal Order ya Finland na kutoka Machi 2015. Ya pili ilitoka Oktoba 2023, ni nzito zaidi kwa kompyuta, na vitu vyake hugawanywa kupitia Paradox Mods badala ya Steam Workshop. Kwa laptopu nyingi za huku kwetu, ya kwanza bado ndiyo inayofaa. Mwenye simu peke yake aanze na TheoTown. Mengi nitakayosema kuhusu kupanga barabara yatamsaidia pia.

## Kabla ya barabara ya kwanza

Kosa la kawaida ni kufungua ramani yoyote, kuvuta barabara ndefu iliyonyooka na kuanza kupaka maeneo ya makazi. Saa mbili baadaye una mraba mkubwa wa nyumba usio na sababu ya kuwa pale ulipo. Miji halisi huwa na sababu: bandari, kivuko, mgodi, stesheni ya reli, soko la mpakani.

Mfano ninaoupenda ni Mombasa. Ni kisiwa, na milango yake ni michache: Makupa kwa wanaoelekea Nairobi, daraja la Nyali kwa wanaokwenda pwani ya kaskazini, na kivuko cha Likoni kwa wanaokwenda kusini. Bandari ya Kilindini iko magharibi, Mji wa Kale mashariki. Ukiwa na hayo tu kwenye karatasi, tayari unajua malori yatapita wapi, watu watalala wapi na foleni itaanzia wapi. Si lazima uinakili Mombasa jengo kwa jengo. Chukua tatizo lake, ujenge mji wako kulizunguka.

Chukua karatasi ujibu haya:

- Mji huu ulianza kwa sababu gani?
- Sehemu kongwe ni ipi, na mji ulipanuka kuelekea wapi?
- Mizigo inaingilia wapi na kutokea wapi?
- Ni kitu gani kimoja ambacho mgeni atakikumbuka akifunga gemu?

Utasema wewe unataka kucheza tu, hukuja kuandika insha. Sawa, lakini majibu haya yatakuja kuwa maelezo ya mji wako siku ya kuupakia, na watu wengi hukwama hapo kwa sababu hawana la kusema.

## Ukitaka ardhi ya kweli

Kihariri cha ramani cha gemu hupokea picha ya mwinuko wa ardhi, yaani picha ya kijivu ambayo sehemu nyeupe ni mlima na nyeusi ni bonde. Picha iwe na pikseli 1081 kwa 1081, kina cha biti 16, nayo hufunika eneo la kilomita 17.28 kila upande. Kisiwa cha Mombasa na kingo zake za Nyali na Likoni vinaingia humo bila shida.

Jihadhari na mambo matatu:

- Picha ya biti 8 itakupa ardhi yenye ngazi, kila kilima kama kimechongwa matuta. Wengi hudhani gemu imeharibika.
- Data nyingi za mwinuko wa ardhi hazijui kina cha bahari. Mlango wa Kilindini utatoka kama uwanja tambarare wenye maji ya vidoleni. Lazima uchimbe kwa mkono kabla ya kuweka bandari.
- Kila pikseli ni mita 16. Kitu chembamba kama tuta la zamani la Makupa kitatoka kikiwa vipande vipande. Kijenge upya mwenyewe.

## Kisanduku kimoja ambacho hakirudiwi

Unapoanza mchezo mpya kuna kisanduku cha kuamua magari yapite upande wa kushoto. Usipokigusa, yatapita kulia. Ukishaanza, gemu yenyewe haikupi nafasi nyingine ya kubadili.

Kenya, Tanzania na Uganda magari hupita kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo, kulia. Nimeona Dar es Salaam nzuri kabisa, ina mwendokasi, ina minazi ufukweni, na magari yote yanapita upande usio wao. Mtanzania akifungua mji huo hamalizi dakika moja kabla ya kucheka.

## Saa za mwanzo

Unaanza na fedha 70,000, ambazo huisha haraka kuliko unavyofikiri. Simamisha muda wa gemu, kisha fuata mpangilio huu:

1. Unganisha mji na barabara kuu kwa kipande kifupi. Usijenge mitaa ambayo bado haina watu. Kila kipande cha barabara kina gharama ya matunzo.
2. Angalia mto unaelekea wapi. Pampu ya maji iwe juu ya mkondo, bomba la majitaka liwe chini. Ukigeuza, wananchi watakunywa walichokitoa, na watu wote wataugua kwa pamoja.
3. Weka mtambo wa umeme wa upepo mahali penye upepo mzuri. Kituo cha makaa ya mawe kinatoa umeme mwingi kwa bei nafuu, lakini kinachafua ardhi, na nyumba zilizo karibu hujaa wagonjwa.
4. Paka makazi kidogo, viwanda mbali kidogo, na maduka katikati yao.
5. Achia muda uende. Usiongeze kitu mpaka mapato yapite matumizi.

Hapo namba 4 nimesema kidogo kwa makusudi. Ukipaka mtaa mkubwa kwa mara moja, wanaohamia wote huwa wa rika moja. Watazeeka pamoja na kufa pamoja. Ghafla kila nyumba ina alama ya maiti, magari ya kubebea maiti yanajaza barabara, nyumba zinahamwa, na mchezaji anaandika kuuliza kama gemu ina virusi. Dawa ni kupanua kwa awamu na kuweka makaburi na sehemu za kuchomea maiti mapema, kila upande wa mji.

Kuhusu fedha zisizo na kikomo: gemu imekuja na uwezo huo ndani yake, na kuutumia si dhambi kama lengo lako ni kujenga mji wa kuonyesha. Ila mji wako wa kwanza ujenge kwa fedha za kuhesabu. Upungufu ndio unaokulazimisha kupanga.

## Foleni

Hapa ndipo miji mingi hufia, na nitakaa kidogo.

Gari kwenye gemu hii huchagua njia yake linapoondoka, na huingia mapema kwenye mstari utakaolifikisha kona yake. Ndiyo maana unaona barabara ya mistari sita, mmoja una foleni ya kilomita na mitano iko tupu. Ukiongeza mistari hubadilishi kitu. Tatizo liko kwenye makutano yaliyo mbele.

Panga barabara kwa ngazi. Barabara kuu inaleta watu mjini na haina nyumba hata moja pembeni. Inatoa magari kwenye barabara pana za kugawa, zenye makutano machache. Hizo zinalisha barabara za mtaa, ambazo ndizo zenye nyumba na maduka. Ukiruka ngazi moja, kwa mfano ukifungua mtaa wa nyumba moja kwa moja kutoka barabara kuu, umejitafutia.

Makosa ninayoyaona kila mara:

- Mlango mmoja wa mji. Kila lori, kila basi na kila gari la takataka linapita hapo. Fungua wa pili kabla hujauhitaji.
- Viwanda nyuma ya makazi, malori yakakatiza mitaa. Viwanda vipewe njia yao ya kutokea kwenye barabara kuu, na reli ya mizigo mapema iwezekanavyo.
- Makutano yaliyobanana. Taa moja ikiwa nyekundu, foleni inafika makutano ya nyuma na kuyafunga pia. Acha nafasi.
- Kipilefti kidogo mahali penye malori mengi. Kipilefti ni kizuri, lakini kiwe kikubwa, na njia zinazoingia zisiwe na mataa.
- Mistari ya mabasi mirefu inayozunguka mji mzima. Mifupi inayokutana kwenye stendi hufanya kazi vizuri zaidi.

Kama unajenga mitaa iliyonyooka mfano wa Kariakoo, kumbuka maeneo hupakwa kwa miraba ya mita 8, na jengo haliwezi kuingia ndani zaidi ya miraba minne kutoka barabarani. Kwa hiyo acha miraba minane kati ya mtaa na mtaa, na hakutabaki uwanja mtupu katikati.

Jambo moja ambalo wachezaji wakongwe hulisahau: gemu haiwezi kuendesha zaidi ya magari 16,384 kwa wakati mmoja. Mji ukiwa mkubwa sana, barabara zinaanza kuonekana tupu na takataka haziondolewi. Si kwamba umemaliza foleni. Gemu imefika ukingoni. Mji wa watu elfu thelathini uliokamilika kila kona unafaa kutumwa kuliko wa laki tatu uliojengwa kwa kunakili mraba uleule.

## Mji upate sura

Mgeni hatazami takwimu zako. Anashusha kamera hadi barabarani na kutembea. Kwa hiyo kazi ya mwisho ni ya macho.

Anza na sehemu kongwe. Mitaa yake ipinde, iwe mifupi, ifuate ufukwe au kilima. Kwa vichochoro vya aina ya Mji wa Kale au Mji Mkongwe wa Zanzibar, nyongeza ya Plazas & Promenades ya 2022 ina mitaa ya waendao kwa miguu ambayo majengo huota pembeni yake. Bila hiyo, njia za miguu unazo, lakini nyumba hazitaota kando yake, itabidi uzipitishe nyuma ya nyumba zilizopo. Kivuko kinahitaji Mass Transit ya 2017, na barabara zenye njia ya mabasi zinahitaji After Dark ya 2015. Nunua unayoihitaji kwa mji unaoujenga, na usubiri punguzo la bei. Hakuna haja ya kuwa nazo zote.

Kisha panda miti, isipokuwa mahali ambapo mji halisi usingekuwa nayo. Acha viwanja vichache wazi. Mji ambao kila mraba umejengwa hauaminiki.

## Modi: chache, na uzijue

Modi ni programu ndogo zinazobadilisha gemu. Mbali nazo kuna majengo, magari na miti iliyotengenezwa na wachezaji wengine. Steam Workshop imejaa vyote viwili, bure. Ndipo matatizo ya kutuma mji yanapozaliwa.

Faili la mji wako halibebi vitu hivyo. Linabeba kumbukumbu tu kwamba mahali fulani pana jengo fulani. Mwenzako asipokuwa na jengo hilo, atakuta pengo. Na vyote hupakiwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta kabla mji haujafunguka, kwa hiyo mwenye RAM ya gigabaiti 8 hawezi kufungua mji wako wenye majengo elfu mbili ya kupakua, hata akiyapata yote.

Kanuni zangu kwa mji wa kugawa:

- Modi za kusaidia ujenzi, kama Move It! ya kusogeza vitu, zitumie upendavyo. Kikishasogezwa kimesogea.
- Modi zinazoendesha mji wenyewe, kama TM:PE ya kuongoza magari, fikiri mara mbili. Mgeni asiyekuwa nayo atakuta foleni ambazo kwako hazipo. Ukiitumia, iandike juu kabisa kwamba ni ya lazima.
- Majengo ya kupakua, chagua familia moja au mbili zinazofanana sura. Mji unatulia, na orodha inakuwa fupi.
- Andika kila unachokipakua siku unapokipakua. Kukumbuka baada ya miezi ni kazi bure.
- Gemu ikipata toleo jipya, usifungue mji wako siku hiyo. Modi nyingi huvunjika mpaka waliozitengeneza wazirekebishe.

## Kabla ya kutuma

Umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi, faili linaweza kuharibika. Usitegemee faili moja. Hifadhi kwa majina yanayofuatana, Kilindini 01, Kilindini 02, na kila unapomaliza sehemu kubwa nakili faili kwenye fleshi. Kwenye Windows mafaili ya miji hukaa kwenye folda ya AppData, ndani ya Local, kisha Colossal Order, Cities_Skylines, halafu Saves. Huishia na .crp.

Siku ya kutuma:

1. Tengeneza nakala mpya yenye jina la mwisho. Ya kwako ya kuchezea ibaki pembeni.
2. Simamisha muda, weka kamera mahali pazuri, ndipo uhifadhi. Mgeni atafungukia pale ulipoiacha.
3. Zima kila modi ambayo hukuiorodhesha, ufungue mji tena. Kinachopotea ndicho ambacho mwenzako hatakiona.
4. Mpe mtu mmoja mwenye kompyuta dhaifu kuliko yako aujaribu. Asiwe rafiki wa kukusifia.

Hatua ya tatu ndiyo inayorukwa, na ndiyo sababu ya zile barua za "haufunguki".

## Picha na maelezo

Picha ya mbele ndiyo itakayoamua kama mtu atabofya. Iwe moja, ya pembe ya chini, jua likiwa limelala, ikionyesha kile kitu kimoja ulichokiandika kwenye karatasi. Tumia kamera huru ili vitufe vya gemu visionekane. Picha ya kutoka juu kabisa inafaa iwe ya pili, kuonyesha mpangilio. Picha nne au tano zinatosha.

Maelezo yasianze na "habari zenu, huu ni mji wangu wa kwanza, msinicheke". Anza na mahali: kisiwa cha bandari, milango mitatu, mji wa kale mashariki. Kisha idadi ya wakazi, upande wa kuendeshea, nyongeza za lazima, modi za lazima, na zile zisizo za lazima. Andika Kiswahili na Kiingereza kama unataka wageni wa mbali. Kiswahili kiwe juu ukitaka.

Majengo ya watu wengine yataje kwa majina ya waliotengeneza, na usiyapakie upya kwa jina lako. Hilo huwaudhi watengenezaji kuliko jambo lolote, na kazi yako inaweza kuondolewa.

## Njia za kuufikisha

Steam Workshop ndiyo njia kuu: kwenye orodha ya vitu vyako ndani ya gemu, mji uliohifadhiwa una kitufe cha kushiriki. Baada ya kupakia, nenda kwenye ukurasa wake Steam ukahakikishe unaonekana na watu wote, siyo wewe peke yako. Waliopakia na kusubiri kimya, waanzie hapo. Tahadhari: akaunti ya Steam ambayo haijatumia angalau dola 5 ndani ya Steam ina vikwazo, na kupakia Workshop ni kimojawapo. Gemu uliyoinunua kwa bei ya punguzo chini ya hapo, au kwa namba uliyonunua duka jingine, haikuondolei kikwazo.

Kwa marafiki wa karibu, fleshi inatosha: faili la .crp linawekwa kwenye folda ile ile niliyotaja. Kwa WhatsApp, tuma faili kama hati. Picha nazo zitume kama hati, la sivyo zitabanwa na miti yako yote itakuwa ukungu wa kijani.

Wanaocheza kwenye PlayStation au Xbox hawaifikii Workshop ya Steam. Kwao tuma picha na video.

## Wakikosoa

Watakosoa, na wengine kwa maneno makali. Chukua yanayohusu mji, acha yanayokuhusu wewe. Mtu akisema daraja lako halina njia ya waendao kwa miguu, nenda ukatazame.

Mji wa kwenye skrini kukosolewa kuna faida hata nje ya gemu. UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi lenye makao yake Gigiri, Nairobi, lilishirikiana na Mojang, watengenezaji wa gemu ya Minecraft, kuanzia 2012 katika mpango wa Block by Block, unaotumia gemu hiyo ili wakazi wachore wenyewe maeneo yao ya wazi. Uwanja wa Silanga huko Kibera ulikuwa miongoni mwa kazi za mwanzo. Mtu ambaye hajawahi kusoma ramani ya mhandisi aliweza kuonyesha kwa kidole taa ikae wapi na njia ipite wapi.

Ukirekebisha, sasisha mji uleule badala ya kupakia mwingine, na uandike ulichobadilisha. Waliokwisha kuupakua watapata toleo jipya bila kuutafuta tena.